Kitabu Kilichowekwa kwa Shemeji

Watu wa Issuna, kule Singida, walipotaka kumsifu Theodora walisema ana moyo, na walipotaka kumsengenya walisema ana hasira, na mara zote mbili walikuwa wakizungumzia kitu kile kile. Haikuwa hasira ya kuvunja vyungu. Alikaa nayo tu, kama mwingine anavyokaa na kikohozi: aliamka nayo, akaenda nayo kisimani, akarudi nayo na ndoo imejaa. Mtu akimwambia, "Hasira hasara, mama," alimjibu, "Hasara nimeshaipata. Hiyo hasira niachieni."

Na hasara aliipata kweli. Miaka michache kabla ya Uhuru aliolewa na Antipasi, mtoto wa kwanza wa mzee Mughwai. Antipasi akaenda kukata mkonge huko Tanga, na kilichorudi ni habari tu kwamba amezikwa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Theodora alibaki kwa wakwe zake kwa sababu ya mtu mmoja, mama mkwe wake, Kristina, ambaye kila jioni akitikisa kibuyu cha maziwa alimwimbia mkwewe vijiwimbo vya kuwabembelezea wachanga, kwa Kinyaturu, kimoja baada ya kingine. Theodora alimuuliza mara moja, kwa ukali wake ule ule, anamwimbia nani wakati nyumba haina mtoto. Kristina akasema, "Zishike tu. Mtoto hakosekani duniani." Akafa yule mama, nyimbo zikabaki kwa Theodora, na mtoto bado hakuna. Hebu niambie kama wewe usingekasirika.

Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye zahanati ya misheni. Hapo nyuma palikuwa na shimo la taka, na siku moja alipokwenda kumwaga maji machafu aliona ndani yake kibanda cha karatasi kimesimama nusu, nusu kimelala. Kilikuwa kitabu cha watoto wa Kizungu, cha vijishairi vya kuwaimbia wadogo. Wageni wa misheni walikuwa wamekuja na mtoto wao, mtoto akakichana, kikatupwa. Kila ukurasa ulikusudiwa kuinua kitu pale unapofunguliwa: nyumba, daraja, ng'ombe, mwezi. Theodora alikiokota, akakikung'uta majivu, akaenda nacho nyumbani, na badala ya kutazama picha zake akakivunjavunja kabisa, kama fundi anavyoivunja saa iliyokufa.

Alichokikuta ndani si uchawi. Kulikuwa na mikunjo. Karatasi imeshikizwa kwa gundi upande huu na upande huu wa kitabu, na ukurasa ukifunguliwa inavutwa huku na huku mpaka inasimama, kwa sababu haina tena pa kulala. Alicheka peke yake alipoelewa. Kusimama kwa namna hiyo alikuwa anakufahamu vizuri sana maishani mwake.

Basi ikaja Ujamaa. Sisemi kwamba ilikuja vibaya au vizuri, kila mtu ana yake ya kusimulia. Ninachosema ni kwamba watu walihamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika, wakapangwa mstari karibu na barabara, wa Issuna na wa mbali, na kijiji kikagawa majembe, kikagawa sehemu za shamba la pamoja, kikasahau kabisa kuwa wanawake wana watoto. Wanawake walilima na wachanga mgongoni, na wale walioanza kutembea walizurura mpakani mwa shamba wakilia, wakila udongo. Theodora alikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, Damiani, akamkuta anapanga kikao. "Mwenyekiti," alimwambia, "jembe lina mpini, na mwanamke ana mtoto. Nani alipanga haya akasahau kimoja?" Damiani, ambaye alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, akampa banda la pamba lililokuwa tupu na kumwambia awalee yeye.

Ndivyo mwanamke asiye na mtoto alivyopata watoto wa kijiji kizima kwa mpigo mmoja. Walilia kwa pamoja. Akinyamazisha huyu, yule anaanza, na wengine walitoka mbali, walikuwa wanamwogopa kila mtu. Alijaribu kuimba. Aliyeimbiwa alinyamaza, lakini wa pembeni hakusikia. Hapo ndipo alipokumbuka mikunjo.

Aliomba zahanati maboksi ya maziwa ya unga, akaanza kitabu chake mwenyewe. Alikata kwa mkasi wa kukatia bandeji. Kwa gundi alitumia utomvu wa mgunga, unaookotwa tu porini ukiwa umeganda, ukalowekwa, maana uji wa unga hupendwa na mende. Bluu ilikuwa ile ya kufulia mashuka, nyeusi ilikuwa masizi ya chungu, na nyekundu ilikuwa udongo wa pale pale mlangoni. Kila ukurasa ulikuwa na wimbo mmoja wa Kristina. Ukifungua wa kwanza, jiwe kubwa la Singida linainuka, na kutoka nyuma ya jiwe fisi anatoa kichwa na kinywa kinaachama. Kwenye mwingine korongo wanacheza ngoma kando ya ziwa. Kwenye mwingine uwele unasimama na kwelea kwelea wanaruka ukivuta uzi wa katani. Na ule wa mwisho ulikuwa na kibuyu cha maziwa, kimening'inizwa, kinachotikisika huku na huku, na wimbo wake ulikuwa ule aliokuwa akiuimba Kristina jioni: tikisa, tikisa, samli iamke, anayelia hapati, anayecheka alambe kidole.

Watoto walikiita kitabu kinachoamka. Kulikuwa na mmoja anaitwa Melkizedeki, ambaye tangu wazazi wake wahamishiwe pale hakuwa ametamka neno. Alimwangalia fisi siku kadhaa kwa mbali. Halafu akaja, akaingiza kidole kinywani mwa fisi, akakitoa, akakikagua kama kipo, akasema, "Tena." Mama yake alipoambiwa jioni aliliachia jembe likaanguka.

Kilichanika kila siku, kitabu kile. Wangekosaje kukichana? Na kila siku watoto wakishachukuliwa na mama zao, Theodora alikaa na utomvu wake akashikiza sikio la fisi, akambadilishia korongo mguu. Hakulalamika. Hilo ndilo jambo pekee katika maisha yake ambalo sijasikia mtu akisema alililalamikia.

Sasa huyu Bonaventura. Alikuwa mdogo wake Antipasi, mtoto wa mwisho wa Mughwai, yule aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo. Alikuwa na kazi ya ofisi mjini, na nyumba nzuri mtaa wa Utemini, na mke mtaratibu anaitwa Elina. Mtu mbaya hakuwa. Ningependa awe mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda vitabu vya watoto. Alivikusanya. Rafiki zake waliopita Ulaya kusoma walimletea vile vinavyoinuka, vya vijishairi, vyenye majumba na farasi, na yeye aliviweka kwenye kabati la kioo sebuleni. Wageni walionyeshwa. Alivifungua kwa ncha za vidole, taratibu, akavifunga.

Alikuja Issuna kumsalimu baba yake, akapita bandani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umenenepa."

Akakiona kitabu mikononi mwa watoto. Watu waliokuwepo wanasema alipiga magoti pale pale kwenye vumbi na suruali yake ya tetroni, akafungua ukurasa wa kibuyu, akakitikisa kwa ncha ya kidole. Halafu akasema kitu kile ambacho watu wa mjini husema wakipenda kitu cha mtu wa shamba: "Hiki hakifai kukaa hapa."

"Kikakae wapi?"

"Nipe mimi, shemeji. Mjini nawajua watu wa kupiga chapa. Nitakipeleka. Kikipigwa chapa kila kijiji kitapata, kila banda kama hili. Hapa ni watoto hawa tu, na wiki mbili zijazo watakuwa wamekimaliza."

Theodora alifikiri. Alifikiri mpaka akaenda kwa mzee Mughwai, akamleta na fimbo yake, akamkalisha kwenye kigoda kati yao wawili. Maana kwa Wanyaturu ng'ombe hakai kwa mwenyewe tu. Mtu mwenye ng'ombe humweka mmoja zizini kwa mwenzake, mbele ya shahidi. Aliyewekewa anamchunga, anakunywa maziwa, samadi inarutubisha shamba lake, na watu wakipita wanamsifu kwa zizi lake. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, na aliyewekewa hawezi kumuuza wala kumchinja. Hakuna mtoto wa kule asiyelijua hilo. Linajulikana kabla ya Baba Yetu.

"Baba," alimwambia mkwewe, "nisikie. Shemeji, nisikie. Kitabu hiki nakuwekea. Maziwa yake unywe wewe: jina, sifa, kuonyesha wageni, mimi sitaki. Ndama wake ni wa watoto wa hapa. Vikipigwa chapa, vya kwanza vije bandani."

Bonaventura alicheka, lakini alicheka kwa mapenzi. "Nimekubali, shemeji. Ng'ombe wako yuko salama."

Mughwai akagonga fimbo chini. Basi.

Walilima, wakavuna, wakalima tena. Kitabu hakikurudi na ndama hawakuja. Watoto waliuliza mwanzoni, wakaacha kuuliza, na hilo la kuacha lilimuumiza Theodora zaidi. Melkizedeki alirudi kwenye ukimya wake, si wote, lakini nusu. Wimbo bila fisi ulimchosha. Theodora alituma salamu kwa kila lori lililokwenda mjini, na salamu zilizorudi zilikuwa nzuri mno: shemeji anasema uvumilie, shemeji anasema mambo ya chapa yanachukua muda.

Siku moja akapanda lori mwenyewe.

Alimkuta Elina nyumbani na Bonaventura anakula chakula cha mchana. Walimpokea vizuri, wakamletea maji ya kunawa. Na pale sebuleni, juu ya mkono wa Elina uliokuwa unamwaga maji, Theodora akakiona. Kilikuwa kwenye rafu ya katikati, nyuma ya kioo, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa korongo, kati ya farasi wa Ulaya na jumba la Ulaya. Vumbi hakuna. Korongo mmoja alikuwa ametiwa mguu mpya wa karatasi nyeupe, nadhifu, kazi ya mkono wa Bonaventura mwenyewe. Kufuli ilikuwa ndogo, ya shaba.

Maji yakaendelea kumwagika. Hakunawa.

"Ulipeleka kwa wapiga chapa?"

"Shemeji, kaa kwanza, ule."

"Nimekuuliza ulipeleka."

Bonaventura akaweka kijiko chini. Nitampa haki yake: hakudanganya. "Sikupeleka. Ningepeleka, wangekichukua. Ofisi hii ingekipeleka ofisi ile, kingepotea. Wangekikata. Hivi unajua una nini wewe? Hakuna kingine kama hiki. Kuna Mzungu mmoja anayekusanya kama mimi, alikaa hapo uliposimama, alikitazama akasahau chai yake. Hapa kitakaa miaka mia."

"Nani alikuambia nataka kikae miaka mia?"

"Watoto watakichana!"

"Nilikitengeneza kichanwe!" Mori ulikuwa umempanda mpaka sauti ikatoka nje barabarani. "Nilikitengeneza kichanwe, nishikize, kichanwe tena! Wewe umefungia ng'ombe zizini. Hachungwi, hakamwi, hapandwi, halafu unaita watu waje waone alivyo safi!"

Na hapo Bonaventura akasema lile neno. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mzee njia. "Kitabu si ng'ombe, shemeji. Ulinipa."

Yeye, aliyesomeshwa kwa ng'ombe. Nikifika hapa huwa nahitaji kunywa maji.

Theodora aliondoka bila kula, na kwa kule kwetu mgeni akiondoka bila kula nyumba imetukanwa. Alifika Issuna, akaenda moja kwa moja kwa Damiani, akataka kikao, na kikao kikakaa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na shahidi. Bonaventura alikuja kutoka mjini kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi amekunja mikono. Mzee Mughwai akaulizwa alisikia nini siku ile bandani: ilikuwa kupewa au kuwekewa?

Mzee alitazama fimbo yake. Alimtazama mwanawe, aliyebaki peke yake kati ya wanawe, aliyekuwa amemletea koti jipya na miwani. Akasema, "Nilisikia anampa."

Baadhi ya waliokaa kikaoni walikuwa bandani siku ile na walijua kilichosemwa, lakini shahidi ni shahidi, na nani atamwambia mzee wa umri ule kwamba anasema uongo mbele ya mwanawe? Damiani akasema, kwa upole wake ule unaochosha, kwamba basi mama asihuzunike, maboksi yapo, atengeneze kingine.

"Sitengenezi," alisema Theodora.

Na hakutengeneza. Hapa ndipo baadhi ya watu wanapomlaumu, na mimi nawasikiliza. Maboksi yalikuwepo, mgunga ulikuwepo, watoto walikuwepo wanalia vile vile kama zamani. Mama yake Melkizedeki alikwenda kumwomba kwa magoti. Lakini aliona kwamba akishika mkasi atakuwa amekubali: atakuwa amesema kwa mikono yake kwamba kile cha kwanza kilikuwa zawadi. Akawaimbia kwa mdomo mpaka sauti ikakauka, akawabeba wawili wawili, akawapiga hata makofi wengine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akaenda nyuma ya banda kujilaumu. Theodora hakumsalimu tena mzee Mughwai. Chakula chake alikipika, akakiweka mbele yake, akageuka. Hasira yake sasa ilikuwa inawala wale wale aliokuwa anawapigania, na alilijua hilo, na kulijua kukamwongezea hasira.

Mvua zilipokwisha akapanda lori tena. Hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini, kwa sababu hakujua.

Bonaventura alikuwa kazini. Elina alikuwa uani anachambua mchele, na watoto wake wawili, Gaspari na mdogo wake Dina, walikuwa wanacheza na vifuniko vya soda.

"Shikamoo mama mkubwa," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu." Akawatazama. Damu ya Kristina, ile pua, yale masikio. "Mmekiona kitabu changu kule ndani?"

"Tunakionaga," alisema Gaspari. "Kwenye kioo."

"Mmewahi kukishika?"

Watoto walimtazama mama yao, kwa uoga, kama mtu ameulizwa kama ameiba.

Elina alikuwa mwanamke asiyesema. Katika kikao cha ukoo ungeweza kumsahau. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akasikika anasogeza kopo la chai, akatoka na ufunguo mdogo. "Dada," alisema, "tangu niolewe mimi na watoto wangu tumekuwa walinzi wa lile kabati. Nikifagia naambiwa nisitimue vumbi. Mtoto akikimbia sebuleni anachapwa. Chukua kilicho chako uende. Akija nitamwambia nimekupa mimi."

Hii ndiyo saa ambayo Theodora angeweza kukiweka kwenye kanga na kuondoka, na lori lilikuwepo stendi. Alifungua kabati. Alikitoa. Kilikuwa kimekakamaa kwa kulala, na alipokifungua utomvu ulipasuka kidogo. Akageuka kwenda mlangoni, na mlangoni walikuwa wamesimama wale watoto wawili, hawajathubutu kukanyaga ndani.

Alikaa chini sakafuni pale pale. "Njooni," alisema, na bado alikuwa na sauti ya ugomvi. "Njooni, nimesema."

Walikuja. Aliwafungulia jiwe, fisi akatoa kichwa, Dina akapiga kelele akajificha kwapani kwa mama mkubwa wake. Aliwaimbia. Walikuwa watoto wa mjini, Kinyaturu hawakijui hata cha kuombea maji, ikabidi awaambie kila neno kwa Kiswahili. Wakacheka. Wakavuta uzi, kwelea kwelea wakaruka. Gaspari alivuta kwa nguvu ya mtoto ambaye amesubiri muda mrefu, na uwele wote ukang'oka, chwaa, ukabaki mkononi mwake.

Kivuli kikaingia. Bonaventura alikuwa amerudi kula.

Aliliona kabati wazi, akauona uwele mkononi mwa mwanawe, na sijui kama alimwona Theodora kabisa. Alivuka sebule kwa hatua kubwa, akamkamata Gaspari mkono, akanyanyua wake juu. Mtoto hakulia. Alifumba macho tu, akakaza shingo, kama mtu aliyezoea.

Theodora alisimama. Hakumshika shemeji yake, hakumpigia kelele. Alikiinua kitabu mbele ya uso wake akakichana. Alianza na fisi: alimkata kinywa, akampa Gaspari. Akachana jiwe. Akachana korongo mmoja mmoja, akampa Dina, mikono ya Dina ikajaa. Machozi hayakuwepo.

"Unafanya nini? Shemeji! Unafanya nini?" Mkono wa Bonaventura ulikuwa umeshuka wenyewe.

"Nachinja," alisema Theodora. "Anayechinja ni mwenye ng'ombe. Nenda kamwambie baba yako aje atoe na ushahidi wa hili. Utampiga mtoto kwa sababu ya karatasi yangu? Karatasi yangu mimi?"

Kilichobaki ni ukurasa wa kibuyu, na huo ulianguka kati yao, kibuyu kikiwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Bonaventura alipiga magoti. Alianza kuokota vipande kwa zile ncha za vidole, huku akijaribu kumrudisha korongo kwenye ziwa lake. Alikiokota kibuyu, akakishika kwa uzi wake, kikatikisika kidogo. Na kwa sauti ndogo, ambayo nadhani hakujua kama inatoka, akaanza: tikisa, tikisa, samli iamke. Kwa Kinyaturu, kwa mahadhi ya Kristina mwenyewe, na pale pa kidole alifanya kama alivyofanya mama yake, akaivuta ile sauti ya mwisho.

Gaspari na Dina walimkodolea macho. Hawakuwahi kumsikia baba yao akisema hata neno moja la lugha ile.

Elina, aliyekuwa mlangoni, anasimulia kwamba alidhani sasa Theodora atalainika. Nani asingelainika? Lakini yeye ndio kwanza uso ulimbadilika, na hasira aliyokuwa nayo mpaka wakati ule ikaonekana ilikuwa ndogo.

"Kumbe unaziimba!" alisema. "Kumbe unazo! Mimi nimezibeba miaka yote hii nikidhani nimebaki peke yangu, nazishikiza kwenye maboksi zisipotee, na wewe unazo mdomoni, na watoto unao, wawili, wazima! Mimi Mungu alininyima wa kumwimbia. Wewe alikupa, ukaenda kuliimbia kabati!"

Bonaventura aliinama, akaokota kipande kingine.

"Kaa vizuri. Usiokote. Acha kuokota, nimesema! Dina, nenda kwa baba yako. Na wewe Gaspari, nenda, hakupigi. Haya. Imba."

Aliimba. Aliimba vibaya, alisahau mstari wa katikati, akarudia mwanzo, vipande vya maboksi vikiwa vimemzunguka na watoto wamekaa mbali naye kidogo kwa mazoea, kisha karibu kidogo. Dina alimshika kidevu ili aone maneno yanatokea wapi.

Theodora alijifunga kanga yake vizuri, akampita Elina mlangoni, akaondoka bila kuaga. Huko nyumbani kulikuwa na banda zima la watoto na rundo la maboksi ambalo hakuligusa tangu siku ya kikao, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa amechinjwa na mwenyewe, kesho yake angeanza kukata, kwa hasira. Sauti ya shemeji yake ilimfuata mpaka barabarani. Hakugeuka, maana angegeuka wangemwona analia, na yeye alitaka wamkumbuke amekasirika.